Jina Nililompa Bi Mize

Mtu akiniomba nimshukuru mwenziwe, kwanza humtazama yeye anayeomba amesimama wapi. Ndivyo nilivyo, na nimevuka hamsini, sitabadilika sasa. Kwa hiyo ujumbe wa chuo ulipoingia kwenye simu yangu mwezi uliopita niliusoma mara tatu nikitafuta kilichojificha ndani yake. Mwalimu Nasra alikuwa amefariki siku kumi kabla. Alinifundisha sheria ya ardhi, na yeye ndiye aliyeanzisha ule mpango wa kitivo cha sheria wa kumpeleka mhitimu mmoja kila mwaka akawatumikie watu wasio na uwezo wa kuweka wakili, chuo kikimlipia chumba, chakula na nauli. Mimi nilikuwa wa kwanza kupelekwa Pemba. Sasa walitaka kutoa kijitabu cha kumkumbuka, nami niandike ukurasa mmoja wa shukrani, “wenye mguso”, na kama ninaweza nimtaje kwa jina mtu mmoja aliyesaidiwa. Hapo kwenye jina ndipo niliposimama. Niliweka simu juu ya meza nikaifunika na kitabu, kana kwamba ingeweza kuniona.

Wiki iliyofuata ikaja bahasha ya kaki kutoka kwa binti yake. Ndani mlikuwa na ripoti zangu kumi na mbili za mwaka ule, zimeshikwa na pini iliyoota kutu, na juu yake Mwalimu ameandika kwa mkono wake: “Arudishiwe mwenyewe.” Nilidhani zilikwishatupwa zamani. Nikaanza kusoma ya juu, nikaona pembeni kuna maandishi ya penseli, membamba, ya mwalimu anayesahihisha mtihani. Nilisoma maneno machache nikaifunga bahasha, nikaenda kukaa uani. Niliyoyaona nitayasema, lakini hayana maana kwa mtu asiyejua nilifanya nini mwaka ule pale Konde, wala kilichompata Bi Mize kwa sababu yangu.

Chumba nilichokodishiwa kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa, Konde, nyumbani kwa Bi Hidaya, mjane mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara. Kitanda cha kamba, meza yenye mguu mmoja mfupi niliouwekea kipande cha kigae, na dirisha linalotazama choo cha jirani. Ukuta wa kati ya chumba changu na jiko lake haukufika kwenye paa, kwa hiyo moshi wake ulikuwa wangu, na maneno yake pia. Kila asubuhi aliniletea chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, na mkate wa kusukuma juu ya sahani iliyofunikwa na nyingine, akasema, “Kula mwanangu, usije ukasema Konde tulikunyima.” Halafu akarudi jikoni, akakaa na wenziwe wawili watatu waliokuja kununua mikate, na mimi nikawa natafuna huku nasikiliza nikisemwa.

“Ntoto yule nani kamleta?” sauti moja ikauliza, siku ya nne au ya tano.

“Chuo,” akasema Bi Hidaya. “Kasoma sheria. Kaja kusaidia watu.”

“Bure?”

“Bure.”

“Bibi we! Ntu asome miaka yote ile, halafu aje Konde akae juu ya jamvi asikilize ugomvi wa watu, bure? Na chumba nani alipa?”

“Chuo.”

“Na chuo chapata nini?”

Nilisikia chapati ikigeuzwa juu ya chuma. Mwingine akasema huenda natafuta mashamba yasiyo na hati niyaandike, mwingine akasema hapana, mimi wa Kengeja, kule kusini ya kisiwa, na watu wa Kengeja hawana akili ya mbali hivyo, wakacheka wote, na Bi Hidaya akacheka kuliko wao. Nikamaliza chai yangu. La Kengeja halikuniuma, hayo ni matani yetu ya siku zote. Kilichobaki kichwani ni lile swali, kwa sababu na mimi sikuwa na jibu lake. Chuo kinapata nini? Sikuwahi kujiuliza. Niliitwa ofisini kwa Mwalimu Nasra, nikaambiwa nimechaguliwa, nikafurahi, nikafunga sanduku. Tangu asubuhi ile, kila nilipopokea fedha ya chakula kutoka chuoni, niliishika nikimsikia yule bibi wa ukutani.

Ofisi yangu ilikuwa baraza la duka lililofungwa, karibu na soko. Watu walikuja siku za soko, wakauza ndizi zao kwanza, halafu wakapita mbele yangu mara mbili kabla ya kuamua kukaa. Kazi ilikuwa ya kawaida: talaka zisizoandikwa, mipaka iliyosogezwa, baba aliyekataa kulisha. Tatizo lilikuwa fomu. Chuo kilitaka kila mwezi orodha ya waliohudumiwa, jina kamili, kijiji, shauri, na sahihi au dole gumba. Na katika watu wa kule hakuna kitu kigumu kama kumwambia mtu atie dole kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Kila ukoo una kisa chake cha babu aliyetia dole akidhani anapokea kitu, kumbe anatoa. Mzee mmoja alinisikiliza nilivyomweleza, akaitikia kwa kichwa mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwanangu, kuapa naapa. Lete msahafu hapa hapa, niape mbele za watu. Lakini dole sitii.” Akaondoka na shauri lake. Nilipeleka mwezi wa kwanza karatasi yenye majina ya watu watatu, na hao watatu walikuwa watumishi wa shule.

Kisha jarida la chuo likanifikia, katika kifurushi cha vitabu. Ukurasa wa katikati kulikuwa na picha ya mwanamke wa mahali pengine, huko bara, ameshika karatasi ya talaka kifuani, anatazama kamera kama mtoto aliyeamrishwa atabasamu. Chini yake jina lake lote, kijiji chake, idadi ya watoto wake, na namna mume alivyokuwa akimpiga. Na chini kabisa: asanteni wafadhili wetu. Nililitazama jarida lile muda mrefu. Basi hiki ndicho chuo kinachopata, nikasema. Nilijiona nimepewa jibu la yule bibi. Nilikasirika, na hasira yangu ilikuwa tamu kwa kuwa ilinipa haki. Nikaamua kwamba hakuna mtu wa Konde wala wa Ole wala wa popote atakayeuzwa hivyo kupitia mkono wangu. Jioni ile nikaandika ripoti ya mwezi wa pili, na kila jina ndani yake lilikuwa la uongo. Mashauri yalikuwa ya kweli, vijiji vya kweli, majina niliyachukua kwa wasichana niliosoma nao darasa la nne. Madole niliyatia mwenyewe, vidole tofauti, vingine nikavibonyeza upande.

Bi Mize alikuja mwezi wa tatu. Alikuwa mwanamke wa makamo wa Ole, mwembamba, aliyevaa kanga zilizofifia lakini zimepigwa pasi. Mara ya kwanza alikaa kwenye baraza langu tangu asubuhi mpaka adhuhuri, asiseme neno, akaniaga akaenda zake. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu aliniletea mihogo minne iliyofungwa kwenye kanga, akaiweka miguuni pangu, akasema, “Nimekutazama. Huna haraka. Sasa nambia, weye wapata nini hapa?”

“Chumba na chakula, Bi Mize.”

“Chakula cha Hidaya?”

“Ndiyo.”

“Basi hujapata kitu,” akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Shauri lake lilikuwa hili. Alipoolewa, mumewe alikuwa na shamba Ole lenye muhogo na magugu. Bi Mize akaomba ruhusa apande mikarafuu, mume akamruhusu mbele ya watu, akapanda miche kumi na saba. Aliipanda yeye, akaifunika kwa makuti kiangazi, akaitekea maji kichwani kutoka bondeni, na miche ikawa miti. Kwetu jambo hili halishangazi mtu: ardhi inaweza kuwa ya huyu na miti ya yule, na mwenye miti hupita juu ya ardhi ya mwenziwe kwenda kuchuma karafuu zake. Mume akafa. Ndugu yake, Mzee Hamadi, akarithi sehemu ya ardhi pamoja na wenziwe, akasema ardhi ikirithiwa na miti inarithiwa, kwa hiyo Bi Mize achukue fungu lake la mjane na aiache mikarafuu. Bi Mize alikuwa hana mtoto. Miti ile ndiyo ilikuwa mtoto wake na pensheni yake. Alikwisha kwenda mwenyewe mahakamani kufungua shauri, kwa jina lake, na siku ya kusikilizwa ilikuwa inakuja kabla ya msimu wa kuchuma. Mimi sikuwa bado wakili, sikuruhusiwa kusimama mbele ya hakimu. Lakini chuo kilikuwa na wakili wake aliyekubali kuvuka kutoka Unguja pale ambapo Mwalimu Nasra angempelekea jalada.

Nilikwenda Ole nikaiona miti. Alinipitisha mmoja mmoja, akinambia huu ulikaribia kufa mwaka fulani, huu uliliwa na mbuzi, huu ulichelewa ukawashinda wenziwe. Alikuwa akiigusa na kiganja anapopita, bila kujua kwamba anaigusa. Kisha tukakaa kwake kwenye baraza la udongo, tukala muhogo wa nazi na dagaa wa kukaanga, na akaniitia majirani zake wawili, wanawake waliomsaidia kuteka maji zamani zile. Walikumbuka kila kitu. Wote wawili walisema wataapa. Nilipotoa karatasi ya maelezo wakatazamana, na mmoja akakumbuka kwamba ameacha chungu jikoni.

Katika ripoti ya mwezi ule nilimwandika Bi Mize kuwa ni Riziki binti Makame. Riziki alikaa karibu nami darasa la nne na alikuwa akinipa nusu ya andazi lake. Nilidhani nimechagua jina zuri.

Simu ikapigwa nikiwa pale pale Ole, wiki mbili kabla ya siku ya mahakama. Chuo kilinipa simu ya mkononi nzito iliyokuwa ikishika mtandao mahali pachache, na baraza la Bi Mize lilikuwa moja ya mahali hapo. Yeye alikuwa nyuma yangu mlangoni, amekalia mbuzi, anakuna nazi. Mwalimu Nasra aliuliza habari zangu, habari za chakula, kisha akasema, “Raya, tunaandika hati ya wakili ya kumwakilisha mteja mahakamani. Mteja ni Riziki binti Makame wa Ole?”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Una hakika na jina?”

Hapo nilisikia mtego. Nikasema moyoni, ananipima, wameanza kuhakiki majina, wanataka picha. Tena nilijituliza kwamba hati ya mahakama wakili ataiandika kwa kutazama jalada la mahakama, si ripoti zangu za jarida. Sikuwa nimewahi kuona hati ya wakili ikiandikwa. Nilikuwa na shahada ya sheria na sikujua jambo ambalo karani yeyote analijua, kwamba wakili huandika jina analopewa.

“Nina hakika.”

“Una hakika kabisa, Raya?”

“Ndilo jina lake, Mwalimu.”

Nyuma yangu mbuzi ilinyamaza. Halafu ikaanza tena, kru, kru, kru. “Haya,” akasema Mwalimu Nasra, na simu ikakatika.

Siku ya mahakama wakili alitoka bandarini moja kwa moja, mkoba mkononi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Tuliitwa kabla sijapata nafasi ya kuona karatasi zake. Karani akasoma jalada, Mize binti Kombo dhidi ya Hamadi. Wakili akasimama akatoa hati yake, hakimu akaisoma, akaisoma tena, akauliza, “Huyu Riziki binti Makame ni nani?” Wakili akageuka kunitazama. Mimi niliangalia sakafu. Kulikuwa na mstari wa sisimizi unaopita chini ya benchi, na nakumbuka niliwaonea wivu. Mzee Hamadi, ambaye hakuwa mtu mwovu, alikuwa mtu wa kutaka tu, akanyanyuka akasema kwa adabu kwamba yeye hana ugomvi na Riziki yeyote na hamjui, na kama wameleta wakili wa mtu asiyekuwepo, basi na aliyekuwepo huenda ana mengine ya uongo. Watu wakaguna. Shauri likaahirishwa miezi miwili ili karatasi zirekebishwe, na ombi la wakili la kumzuia Hamadi asichume mpaka hukumu likaanguka pamoja na hati iliyolibeba.

Msimu ukafika. Karafuu zilikuwa nyingi mwaka ule, matawi yameinama. Hamadi akaleta wachumaji. Nilikwenda Ole siku ya pili ya kuchuma kwa sababu sikuweza kutokwenda, nikamkuta Bi Mize kwa jirani, amekaa jamvini na wanawake wengine, anachambua karafuu kutoka kwenye makonyo, vile vijiti vyake, kwa ujira. Zilikuwa karafuu za watu wengine. Kutoka pale alipokaa aliweza kusikia sauti za wachumaji juu ya miti yake. Aliniona, akasogea, akanipa nafasi jamvini. Nikakaa nikachambua naye mpaka vidole vikanata. Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo mara mbili. Niliona haya, na chini ya haya kulikuwa na woga, na chini ya woga bado kulikuwa na kile kisauti cha ukaidi kinachosema kosa ni lao, kwa nini walitaka majina? Yeye hakuniuliza neno. Nilisema moyoni, hajaelewa kilichotokea mle ndani, maskini, na huo nao ulikuwa ufedhuli wangu.

Mwalimu Nasra alikuja mwenyewe kabla ya siku ya pili ya mahakama. Alikuwa mfupi, mwenye miwani mizito, na alitembea haraka kama anayechelewa kipindi. Alilala chumbani kwangu, kwenye kitanda cha kamba, mimi chini kwenye mkeka, na Bi Hidaya alitupikia mchuzi wa pweza ambao hakuwahi kunipikia mimi peke yangu. Usiku kucha nilisubiri anigombeze. Aliniuliza kama mbu ni wengi hivi siku zote. Asubuhi tulikwenda Ole, akavua viatu, akakaa chini mbele ya Bi Mize na wale majirani wawili, akasema, “Bi Mize, nimekuja kukuomba radhi. Karatasi ile iliandikwa vibaya. Kosa ni letu sisi wa chuo.” Hakunitazama hata kidogo. Tulipokuwa tunarudi barabarani nikamuuliza kwa nini hakusema ni mimi.

“Ningesema, Bi Mize angepata nini?” akasema.

Nikashuku tena. Anajilinda, nilifikiri, analinda jina la chuo chake na jina la mpango wake, asije akaulizwa kule chuoni kwa nini alimwamini mtoto. Niliyaweka maneno yake kwenye kabati la moyo wangu na kibandiko hicho, na kwa miaka zaidi ya ishirini sikukibandua.

Lakini kuna jambo alilifanya pale Ole ambalo sikuweza kulishuku, ingawa nilijaribu. Alipotoa karatasi za maelezo ya mashahidi, wale wanawake wawili wakaanza tena kukumbuka vyungu vyao. Mwalimu Nasra hakueleza kitu. Alichukua kalamu, akaandika mwanzo wa karatasi kwamba yeye, Nasra, ndiye aliyeyasikia maneno haya na atayajibu popote, akatia sahihi. Kisha akafungua kidau cha wino, akatia dole gumba lake mwenyewe pembeni ya sahihi. Mmoja wa majirani akasogea akatazama alama ile.

“Mwalimu mzima,” akasema, “na kusoma kote huko, atia dole?”

“Likiwa baya na linile mimi kwanza,” akasema Mwalimu Nasra.

Yule mama akamtazama mwenziwe. Kisha akajifuta mkono kwenye kanga, akatoa dole.

Tulishinda. Ardhi ilibaki ya Hamadi na nduguze, miti kumi na saba ikawa ya Mize binti Kombo, na njia ya kuifikia. Hakimu aliuliza kuhusu karafuu zilizokwisha kuchumwa, wakili akajibu kwamba hakukuwa na zuio, na hilo likaishia hapo. Mwaka wangu ukaisha. Bi Hidaya alinifungia mikate ya njiani. Nikawa wakili, nikafanya kazi hii hii ya watu wasio na wakili maisha yangu yote, na kila mwaka chuo kilipeleka mwingine Pemba, na kila nilipokutana na Mwalimu Nasra nilimwamkia kwa heshima na kukaa mbali naye kidogo.

Sasa turudi kwenye penseli. Ripoti ya mwezi wa pili, ile ya kwanza ya uongo, pembeni ameandika: “Haya si majina yao. Madole ni ya mtu mmoja.” Chini yake: “Anawaficha. Ana sababu. Asiulizwe, tusubiri atuambie mwenyewe.” Ya mwezi wa tatu: “Mhariri wa jarida asipewe hizi. Nimemwambia.” Na pembeni ya jina la Riziki binti Makame, kwa mkono ulioharakisha: “Nimemuuliza mara mbili. Kasema ndilo.” Baada ya hapo kuna neno moja limeandikwa na kufutwa, na hata nilipolisogeza kwenye taa sikuweza kulisoma.

Nitasema ukweli: kwanza nilikasirika. Nilimkasirikia marehemu, Mungu amrehemu, nikamsemesha peke yangu jikoni. Ulijua! Ulijua kwamba nadanganya ukamwacha wakili apande boti na karatasi ya uongo mfukoni, ili mimi nijifunze kusema kweli? Na gharama ya somo langu akalipa nani? Halafu hasira ikakosa pa kukaa. Hakujua jina la kweli ni lipi. Aliniuliza mara mbili. Angenifukuza ule mwezi wa pili angekuwa na haki yote, na huenda Bi Mize asingepata wakili wala miti. Alinilisha, akanilipia chumba, akanikinga na jarida nililolichukia bila kunitangazia kwamba ananikinga, na mimi nikamlipa kwa kumtilia shaka mpaka amekufa. Nililia, na nilipomaliza kulia niliona kwamba sina haki ya kuandika ukurasa wowote kabla sijakwenda Ole.

Bi Mize sasa ni mzee wa kuongozwa mkono. Macho yana ukungu, lakini nilipopiga hodi alinijua kwa sauti. Mikarafuu ipo, mmoja umekufa. Mpwa wake alituletea chai na ndizi za kuchemsha akatuacha. Nikamwambia yote: majina, madole niliyoyatia, simu, penseli. Nikamwambia kwamba msimu ule ulipotea kwa uongo wangu na si kwa kosa la chuo, na kwamba yule Mwalimu alijua nusu yake akanyamaza. Nilisema huku nimeshika bahasha kwa mikono miwili. Alinisikiliza akinywa chai.

“Mie nilijua,” akasema.

“Ulijua nini, Bi Mize?”

“Si ulikuwa umekaa hapo? Mie nakuna nazi. Nikakusikia, Riziki, Riziki, ndilo jina lake. Nikasimama kukuna. Nikasema, huyu ntoto anificha. Nikamshukuru Mungu wallahi. Nikaona sasa Hamadi hanipati, ntu asiyekuwepo hanyang'anywi.” Akaweka kikombe chini, akakitafuta kwa vidole mpaka akawa na hakika kimekaa. “Kumbe asiyekuwepo hapewi vile vile. Hilo sikulijua. Na nilipolijua, nikuseme weye? Nami nilinyamaza.”

Watu watatu tulijua, kila mmoja kipande chake, na kila mmoja alinyamaza kwa kumhurumia mwenziwe, na karafuu zikachumwa. Nje kuku walikuwa wakigombea maganda ya ndizi. Nilimshika mkono Bi Mize, akaniacha niushike.

“Na bahasha ya nini?” akauliza, sauti imebadilika. “Nasikia karatasi. Si umekuja na karatasi?”

Nikamweleza kuhusu kijitabu. Nikasema wanataka ukurasa wa shukrani kwa Mwalimu Nasra, na wanaomba jina la mtu mmoja aliyesaidiwa, lakini si lazima, naweza kuandika bila jina, naweza hata kukataa.

“Nani atakisoma?”

“Watu wa chuo. Wanafunzi. Sijui wengine.”

“Na wao wapata nini?”

“Sijui, Bi Mize. Mpaka leo sijui.”

Akafikiri. Nilimwona akikunja na kukunjua pindo la kanga yake kwa kidole gumba, kile kile ambacho wenziwe walikataa kukitia miaka ile. “Yule Mwalimu alitia dole lake hapa,” akasema mwishowe. “Nilimwona. Haya. Andika. Usiandike la Riziki wala la nani. Mize binti Kombo Faki, wa Ole. Lote.”

Nikatoa kalamu, nikaandika juu ya goti langu, polepole, herufi kubwa. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kalamu ikitembea. Ilipotua akanyoosha mkono akaugusa mkono wangu.

“Soma.”

Nikasoma: “Mize binti Kombo Faki, wa Ole.”

Akaelekeza uso kwangu, macho yake meupe hayanioni.

“Soma tena,” akasema.

Nikasoma tena.